Mbuzi wa Pua Baridi

Mimi Burulkan sikuwahi kupenda mbuzi, na sitawadanganya kwamba nilianza kuwapenda kwa wema wa moyo wangu. Kwetu kondoo na farasi ni wanyama wa pua ya joto. Mbuzi pua yake ni baridi. Mgeni wa heshima humchinjii mbuzi. Mwanamume akitaka kumdharau jirani yake bila kuingia matatani, humuuliza tu kama mbuzi wake hawajambo. Basi fikirini nilivyojisikia siku mkaza mwanangu Perizat alipoondoka na kondoo watano aliopewa na wazazi wake siku ya harusi, akarudi jioni na mbuzi watatu weupe wa maziwa, ndevu zinawapepea, na yeye anatabasamu kama mtu aliyeokota dhahabu njiani.

"Umebadilisha kondoo kwa hawa?" nilimuuliza.

"Ndiyo, Mama. Kila mmoja anatoa lita tatu kwa siku."

"Na aibu je, inatoa lita ngapi?"

Aliwaongoza mbuzi bandani. Perizat hajibizani na wakubwa. Ni mke wa Jirgal, kitinda mimba wangu, ambaye yuko Urusi anajenga nyumba za watu wengine, na kwa desturi yetu mke wa kitinda mimba ndiye anayekaa na mama katika nyumba kubwa. Ana adabu mpaka inaudhi. Mbele ya mwanangu wa kwanza, Emilbek, ambaye ni shemeji yake mkubwa, hapandishi sauti wala hamtaji jina, na akiwa na jambo la kumwambia hunipa mimi nimfikishie. Nilidhani mtu mwenye adabu namna hiyo hana ubishi ndani yake. Kwa miaka minne nilimwambia awauze wale mbuzi, naye kwa miaka minne aliinamisha kichwa, akasema "sawa, Mama," kisha akaenda kuwakatia majani. Watatu wakawa tisa.

Mambo ya sabuni yalianza kwa ajili ya mikono yangu. Kila majira ya baridi ilikuwa ikipasuka mpaka inatoa damu. Sikuweza kukunja ngumi wala kusokota sufu, na mwanamke wa umri wangu asiyeweza kusokota sufu hana kazi nyingine ila kugombeza watu. Perizat akaona kwenye simu yake kwamba sabuni ya maziwa ya mbuzi huilainisha ngozi. Akanunua magadi makali mjini, yale ya chembe chembe yanayochoma, akayamwaga kwenye maziwa yaliyotoka kukamuliwa, yangali na joto la kiwele. Maziwa yakachemka yenyewe bila moto, yakawa rangi ya karoti, yakanuka kama zizi lililofungwa mwezi mzima. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Mimi nilikuwa dirishani nacheka.

Mara ya tatu nilimsikia analia nyuma ya banda. Nilikasirika. Sikukasirikia kilio, nilikasirikia maziwa yanayomwagwa. Nikatoka na fimbo yangu, nikamwambia afute machozi, ajikaze kisabuni kama kweli anataka sabuni, kisha asikilize jinsi mama yangu alivyokuwa akiipika sabuni nyeusi, kabla magadi ya dukani hayajazaliwa.

Mama yangu alikuwa akikusanya magugu ya bondeni wakati wa vuli, yale yanayoota penye mbolea ya zamani, akayakausha na kuyachoma. Majivu yake aliyachemsha, akayachuja kwa kitambaa, akayachemsha tena mpaka yai likiwekwa ndani linaelea na kuchungulia kichwa. Maji hayo ndiyo yanayoingia kwenye mafuta, na sufuria haitoki motoni kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri. Kipimo ni ulimi. Ukiigusa kwa ncha ya ulimi ikakuuma, haijaiva, rudisha kuni.

Maziwa ndiyo yaliyotugombanisha. Mama yangu hakutia maziwa, kwa hiyo mimi nilisema yasitiwe kabisa. Perizat akasema sawa, Mama, akayatia. Yakaungua. Mwishowe alifanya jambo ambalo sijui alilitoa wapi: aliyamwaga maziwa kwenye masinia, akayaacha nje usiku kucha yakaganda kuwa barafu, akayavunja vipande, na sufuria ilipokaribia kutoka motoni akawa anavitumbukiza kimoja kimoja, anakoroga polepole. Tukapata sabuni ya rangi ya chai ya maziwa, inanuka moshi kidogo na utamu kidogo. Mwezi wa pili nyufa za mikono yangu zikafunga. Nilikaa peke yangu jikoni nikakunja ngumi, nikaikunjua, nikaikunja tena, na machozi yalinitoka. Sikumwambia asante. Nilimwambia tu apike nyingine.

Sasa Emilbek. Binti yake Aizirek, mjukuu ninayempenda kuliko wote na hilo si siri, alikuwa amechumbiwa na kijana wa ng'ambo ya mlima. Wakwe walikuwa wanakuja kula mafuta ya mkia na ini. Hiyo ndiyo siku yenyewe kwetu: wazazi wa pande mbili wakishakula vipande vya mafuta ya mkia wa kondoo pamoja na ini kutoka sahani moja, wamekuwa ndugu, na hakuna wa kurudi nyuma. Nyumba kubwa ni yangu, kwa hiyo shughuli ilikuwa kwangu. Emilbek akaja kutupangia mambo.

Alisema siku ya wageni mbuzi wafichwe korongoni, na Jumapili baada ya hapo wapelekwe mnadani, wote tisa. Watu hawa wana farasi arobaini, alisema, na yeye hataki mkwe wake aende kusimulia huko kwao kwamba wameoa kwenye nyumba ya wafuga mbuzi. Perizat alikuwa anamimina chai. Angeweza kuniomba nimsemee, kama siku zote, lakini hakunitazama. Nami niliendelea kunywa chai. Tangu mume wangu afariki Emilbek ndiye mwenye neno la mwisho, na nilishazoea kumwachia.

Lakini nilikiona kikombe. Kwetu chai ya mgeni humiminwa nusu, ili aombe tena na tena na kukaa. Kikombe kikijaa, maana yake kunywa uende zako. Perizat, yule mwenye adabu, alimkabidhi shemeji yake kwa mikono miwili kikombe kilichojaa mpaka ukingoni. Emilbek hakugundua. Akakinywa, akaenda zake.

Siku moja kabla ya wageni walichinjwa kondoo wawili. Mmoja ni wetu, wa sufu laini, ambaye mkia wake ni kamba tu. Wa pili Emilbek alimnunua mbali, na mkia wake ulikuwa mpana kama mto wa kukalia. Alimtembeza mtaa mzima kabla ya kumchinja ili watu wauone. Mkia ule ulikatwa vipande vitatu uingie kwenye sufuria, ukawekwa kwenye beseni ghalani, penye baridi. Mafuta mengine, ya tumboni na ya figo, yaliwekwa kwenye beseni jingine kwa ajili ya sabuni. Yote mawili yalifunikwa kwa kitambaa.

Mimi sikulala vizuri. Niliwaza kwamba kama mbuzi wanaondoka, basi angalau waniachie sabuni ya kunitosha mpaka nife. Kabla jua halijachomoza niliwasha moto nyuma ya nyumba, nikaweka maji ya majivu, nikaingia ghalani kwenye giza, nikabeba beseni lililokuwa karibu na mlango. Nilihisi mafuta ni mazito na mazuri kuliko kawaida. Nikajipongeza kwa bahati yangu. Yalipoyeyuka yote nikakoroga na kuimba, na baadaye nikatia barafu ya maziwa kutoka kwenye friza, kipande baada ya kipande, kwa ustadi ambao mama yangu angejivunia.

Saa nne asubuhi Perizat alikwenda ghalani kuchukua mkia akauchemshe na ini. Alirudi na beseni la mafuta ya figo mikononi. Akalitazama, akaitazama sufuria yangu, akanitazama mimi. Nilikuwa nimeupika mkia.

Simu ya Emilbek ililia ndani: wageni wameshafika darajani. Makundi yote ya kondoo ya kijiji yalikuwa yamepanda mlimani na mchungaji wa zamu tangu alfajiri, na hapakuwa na mkia mnene wa kuazima karibu zaidi ya mwendo wa nusu siku.

"Mama," Perizat alinong'ona, "usiseme kitu. Nitasema ni mimi. Mimi nimeshazoea."

Na mimi nikaitikia kwa kichwa. Hilo ndilo jambo ninaloliona haya mpaka leo. Mwanamke wa miaka sabini na moja, niliyewazika mume na ndugu zangu wote, niliitikia kwa kichwa kama mtoto aliyevunja bakuli.

Akaja Emilbek, Perizat akainamisha kichwa na kuniambia mimi, ili yeye asikie, kwamba ameupika mkia kimakosa ukawa sabuni. Emilbek hakupiga kelele, kwa sababu wageni walikuwa mlangoni. Alipiga simu palepale mbele yetu, akamwambia mchuuzi wa mifugo asingoje Jumapili, aje na lori leo saa tisa kuchukua mbuzi wote. Kisha akatengeneza kofia yake na kwenda na mkewe kuwapokea wakwe.

Baba wa kijana, Sagin, ni mtu mfupi, mkimya, mwenye macho ya kupima farasi. Mama yake, Anarkan, ni jimama la sauti kubwa. Tulipowakalisha mahali pa heshima, kwenye magodoro yanayotazama mlango, Perizat alizunguka na birika na beseni kuwanawisha. Nikaiona mikono ya Anarkan. Ilikuwa mikono yangu ya mwaka jana: imepasuka kwenye kila kiungo, nyeusi kwenye nyufa, mikono ya mtu anayekamua farasi alfajiri penye upepo. Alichukua sabuni ya Perizat, akanawa, akanawa tena, kisha hakuirudisha. Aliileta puani.

Akauliza imetoka wapi. Emilbek akawahi kusema imetoka mji mkuu, Bishkek, kwenye duka kubwa. Perizat aliendelea kumimina maji, macho chini. Nami niliuacha uongo ule upite, mara ya pili siku hiyo.

Watu wakala maandazi na krimu, wakasifu njia, wakasifu mvua. Kisha sahani ikaletwa. Ini lilikuwa limekatwa vizuri, limepangwa vizuri, na pembeni yake hapakuwa na kitu. Sagin aliitazama sahani. Alimtazama mkewe. Aizirek alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake cheupe cha kichwani, na nilimwona anapauka. Mkwe asiyewekewa mafuta ya mkia amefukuzwa, ndivyo inavyoeleweka.

Emilbek alikohoa. Alisema wamsamehe, mafuta yalikuwepo, mkia wenyewe ulikuwa mkubwa ajabu, lakini mke wa mdogo wake ameyaharibu. "Ndiye huyu hapa," alisema. "Yeye ana akili ya mbuzi tu. Ya nyumba hana."

Magoti yangu hayasimami haraka, lakini siku ile yalisimama.

"Emilbek, nyamaza," nilisema. "Mkia nimeupika mimi. Nimeamka gizani nikabeba beseni bila kuangalia, kwa sababu ya kiburi changu. Huyu amejitwika kosa langu, nami nikamwacha ajitwike. Na sabuni mliyonawia haijatoka Bishkek. Imetoka kwa mbuzi wake tisa, na mikono yangu hii ndiyo shahidi."

Nikainyoosha mbele ya wageni, nikaikunja ngumi, nikaikunjua. Emilbek alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Nilijua nimeivunja harusi ya mjukuu wangu, na bado nilijisikia mwepesi kuliko nilivyokuwa tangu asubuhi.

Anarkan aliuliza, polepole, "Huo mkia uko wapi sasa?"

"Uko sufuriani nyuma ya nyumba. Umeshakuwa sabuni."

"Imeiva?"

Nilisema sijapima. Jimama likainuka kutoka mahali pa heshima, likavaa viatu, likatoka, nasi sote tukamfuata, hata Sagin. Sufuria ilikuwa imetulia, sabuni nzito, ya rangi ya chai. Nikachota kwa ncha ya mwiko, nikapuliza, nikagusa kwa ulimi. Haikuuma. Anarkan akachukua mwiko, akagusa kwa ulimi wake mwenyewe kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

Kisha akamgeukia mumewe. "Mafuta ya mkia yapo. Walituwekea, tena makubwa. Ni nani aliyesema lazima yapite kooni?"

Sagin alikuna kidevu. Akasema hajawahi kusikia kwamba ni lazima.

Perizat akaleta beseni, birika na sahani ya ini. Wakachuchumaa wazazi wanne kulizunguka beseni moja, Anarkan na Sagin, Emilbek na mkewe, nami nikawachotea sabuni ile yenye joto katika viganja. Wakanawa kwa pamoja, povu la huyu likaingia la yule. Kwa mikono hiyo hiyo wakala ini wakiwa wamesimama nje, wakainua viganja, wakaomba baraka, wakapangusa nyuso zao. Uso wa Emilbek ukanuka maziwa ya mbuzi, na hapakuwa na njia ya kukwepa. Aizirek alinikumbatia kwa nyuma akalia kwenye bega langu.

Tuliporudi ndani kunywa chai, Anarkan akasema sasa ni ndugu, kwa hiyo ana haki ya kuomba. Lile koti la manyoya la zawadi ambalo bila shaka ameandaliwa, libaki. Alitaka mbuzi mmoja anayekamuliwa, pamoja na mtu wa kumfundisha kupika sabuni.

"Na simwombi mkwe wangu," aliongeza. "Namwomba mwenye mbuzi."

Hapo hapo, kama vile ameitwa, lori la mchuuzi likapiga honi getini. Ilikuwa saa tisa kamili. Kila mtu alimtazama Emilbek. Hawezi kuwauza mbuzi ambao mkwe wake ameomba mmoja wao, na hawezi kumtoa hata huyo mmoja, kwa sababu si wake. Kwa miaka tisa, tangu Perizat aolewe kwetu, mwanangu huyu alikuwa akimpitishia shemeji yake maneno kupitia kwangu, kama mtu anayepitisha sahani. Sasa akamgeukia mwenyewe.

"Shemeji," alisema, na sauti ilikuwa ndogo. "Tufanyeje?"

Perizat alikuwa na birika la chai mkononi. Akachukua kikombe cha Emilbek, akamimina nusu, nusu hasa, akampa kwa mikono miwili. Kisha akainua macho.

"Kamwambie mwenye lori arudi zake, shemeji. Mbuzi wangu hawauzwi. Mmoja nitamtoa mimi mwenyewe, kwa ajili ya Aizirek."

Emilbek akakitazama kikombe. Safari hii aligundua. Akakinywa taratibu mpaka tone la mwisho, akatoka, na tukasikia lori likigeuza na kwenda.

Perizat hakumtoa mbuzi mbovu. Alikwenda korongoni akarudi na Appak, mbuzi wake bora wa maziwa, yule anayejaza ndoo na kumpiga teke mtu anayemkamua kwa mikono ya baridi. Sagin alitaka afungwe nyuma ya gari. Anarkan akasema mbuzi wa namna hii hapandi nyuma. Basi wakamkalisha kwenye kiti, katikati ya wakwe wawili, juu ya blanketi langu la sufu, na kijiji kizima kilikuwa kimetoka kutazama. Jirani mmoja mbea akaniuliza kwa sauti ya wote kusikia kama mbuzi wetu hawajambo.

"Hawajambo," nilimjibu. "Wamebaki wanane, na hakuna wa kwako."

Gari lilipowashwa, Appak alitoa kichwa dirishani. Niliishika pua yake. Ilikuwa baridi na majimaji, kama pua za mbuzi wote. Nikaibusu mbele ya watu.